Je, wajua kwa nini hamira huamshwa kwa maji ya vuguvugu?

Chukua glasi mbili. Moja itie maji ya friji, nyingine maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 au 40 hivi, yale ambayo ukichovya kidole unahisi joto lakini huungui. Nyunyizia kila glasi kijiko cha hamira kavu ya punje, kisha kanda unga wa maandazi kwa kila moja. Donge la maji ya baridi litaumuka kwa kusuasua, na mara nyingi litalegea na kunata vidoleni. Watu husema hamira hiyo imelala. Ukweli ni kwamba seli zake nyingi zimevuja.

Hamira ni kuvu, jina lake la kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Kila punje ni rundo la seli nyingi mno, na seli zenyewe ni ndogo kiasi kwamba upange kama 200 mstarini ndipo upate milimita moja. Kila seli imejifunika mara mbili: ndani kuna utando, nje kuna ukuta.

Utando ni tabaka mbili za mafuta zilizobanana, unene wake nanomita 7 tu hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na ndani yake zimepachikwa protini zinazoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Mafuta hayo yana tabia unayoijua kwenye mafuta ya nazi: mchana wa jua yanamiminika, asubuhi ya baridi yameganda chupani. Seli ikikaushwa, mafuta ya utando huganda. Ukiimwagia maji baridi, maji huingia utando ungali mgumu, na pale mafuta yanapoanza kulainika nyufa hufunguka na vilivyomo ndani humwagika. Kimojawapo ni glutathioni, ambayo hukata viungo vinavyoshikilia gluteni, protini ya ngano inayolipa donge nguvu. Ndiyo maana donge linalegea. Katika maji ya vuguvugu mafuta huwahi kulainika kabla maji hayajajaa ndani, na seli huvuka salama. Usizidishe lakini: karibu na nyuzi 60 hamira hufa.

Seli nayo hujiwekea akiba ya kujikinga, sukari iitwayo trehalosi. Maji yakiondoka, sukari hii hushika nafasi yake katikati ya mafuta ya utando, yasibanane na kuganda kupita kiasi. Mimi naliona hili kuwa jambo la ajabu kuliko yote katika pakiti ya hamira.

Na ukuta? Huo ni mnene zaidi, nanomita 100 hadi 200, na huweza kufikia robo ya uzito mkavu wa seli. Umesukwa kwa nyuzi za sukari ziitwazo beta-glukani, nje ukapakwa protini zenye minyororo ya sukari nyingine, manosi. Kitini, ile inayotengeneza gamba la kamba na mende, ipo kidogo tu, hasa kwenye makovu: kila seli mtoto inayochipuka na kujitenga humwachia seli mama kovu la duara, na kwa hadubini makovu hayo yanahesabika.

Kazi ya ukuta ilionekana wazi mwaka 1957, watafiti walipotumia maji ya tumbo la konokono kuuyeyusha. Seli zilizobaki na utando pekee ziligeuka vitufe laini. Ukizitia kwenye maji matupu, hupasuka, kwa kuwa maji huingia ndani na hakuna cha kuzibana.

Dawa za fangasi nazo hulenga vifuniko hivi, hasa utando. Utando wa kuvu una aina ya mafuta iitwayo ergosteroli mahali ambapo wetu una kolesteroli. Flukonazoli huzuia kutengenezwa kwa ergosteroli. Amfoterisini B huishika na kuuharibu utando. Zote mbili hutumika kutibu homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, inayowashambulia hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, na kriptokoka nayo ni hamira ya aina yake. Penisilini haiigusi hata kidogo, kwa sababu inazuia ujenzi wa ukuta wa bakteria, na ukuta huo umejengwa kwa kitu kingine kabisa. Basi mwenye fangasi wa Candida akinunua amoksilini dukani hatapona, na huenda fangasi hao wakazidi, maana dawa hiyo huua bakteria waliokuwa wakiwazuia wasienee.