Kutuma mafaili kwa skripti: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Ofisi nyingi zina skripti moja (orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe) inayoamka usiku, ikachukua nakala ya hifadhidata au faili la mauzo ya siku, ikalipeleka kwenye seva ya mbali. Aliyeiandika huenda alishahama kazi zamani. Watu wanaiamini kwa sababu ipo, na sehemu kubwa ya imani hiyo imesimama juu ya mambo ambayo si kweli.

"Skripti haikutoa kosa, basi faili limefika."

Kwangu mimi hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yake kuu. Wahandisi walipokwenda kutafuta nakala zilizopaswa kupelekwa kila siku kwenye hifadhi ya Amazon S3, hawakukuta kitu. Kazi ile ilikuwa ikitumia pg_dump, programu ya kutoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa toleo la 9.6, kwa hiyo pg_dump iligoma kila mara. Barua pepe za kuwaonya zilitumwa, ila seva ya kupokea ilizikataa kwa kuwa hazikukidhi masharti ya uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali. Walieleza yote hayo hadharani, na kwa hilo wanastahili shukrani zetu.

Kwenye Linux, kila programu ikimaliza kazi huacha namba. Ikiwa 0, mambo ni sawa. Ikiwa nyingine, kuna jambo. Kwa mfano, rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, huacha 23 baadhi ya mafaili yakishindwa kuhamishwa, na 30 muda wa kusubiri ukiisha. Skripti isiyosoma namba hiyo haijui kilichotokea, hata kama inaandika "imekamilika" kila usiku. Tena kuna mitego. Ukiisomesha sftp, programu nyingine ya kutuma mafaili, orodha ya amri kwa alama ya <, amri moja ikishindwa inaendelea tu na inayofuata. Orodha ileile ukiipa kwa -b, inasimama kwenye kosa la kwanza. Au tazama mstari huu unaoonekana hauna hatia:

`pg_dump duka | gzip > duka.gz`

Hapo pg_dump inatoa data na gzip inaibana iwe ndogo. Namba inayobaki ni ya gzip, si ya pg_dump. Hifadhidata ikikataa kufunguka, gzip itabana utupu, itaacha 0, na utapata faili la baiti 20 lenye jina zuri. Kwenye bash, programu inayoendesha skripti nyingi za Linux, andika `set -o pipefail` juu ya skripti ili kushindwa kwa pg_dump nako kuonekane, kisha pima ukubwa wa faili kabla ya kulituma. Na kama taarifa ya kushindwa inaweza kupotea njiani, badilisha utaratibu: skripti itume ujumbe ikifaulu, na mtambo mwingine upige kelele ujumbe huo usipofika.

"Faili likionekana upande wa pili, ni zima."

Umeme ukikatika au intaneti ikianguka katikati, upande wa pili unaweza kubaki na nusu ya faili yenye jina kamili. Hatari ni kubwa zaidi pale ambapo programu nyingine inasubiri kulisoma: itameza malipo 300 kati ya 500 bila kujua kuna mengine. Dawa yake ni ya siku nyingi na haina gharama. Tuma kwa jina la muda, mfano `mauzo.csv.sehemu`, na ukimaliza libadilishe liwe `mauzo.csv`. Mpokeaji aambiwe asiguse chochote chenye mwisho wa `.sehemu`. Kwa kawaida rsync hufanya hivyo yenyewe, lakini sftp na scp (nayo ni ya kunakili mafaili) hazifanyi. Kwa faili zito au la fedha, endesha sha256sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, pande zote mbili ulinganishe majibu.

"SFTP ni FTP iliyowekewa usalama."

Majina yanafanana, ukoo ni tofauti. FTP ilianza mwaka 1971, mtandao ukiwa na kompyuta chache zinazojuana, nayo hupitisha jina na nenosiri wazi. SFTP ni sehemu ya SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa, ambayo Tatu Ylönen aliianzisha mwaka 1995 katika chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo. FTP iliyoongezewa usimbaji inaitwa FTPS, na hiyo ni kitu kingine. Tofauti hii utaiona siku ya kuomba ruhusa ya mtandao: SFTP hupita poti (mlango wa mtandao) moja, kwa kawaida ya 22, wakati FTP huhitaji muunganisho mmoja wa amri na mwingine wa data. Mtoa huduma akikwambia "tumia FTP", muulize kwanza ni ipi kati ya hizo tatu.

"Skripti haina vidole vya kuandika nenosiri, lazima tuliweke ndani yake."

Hapana. Tengeneza jozi ya funguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, wa umma uupeleke kwenye seva, wa siri ubaki kwako ukisomwa na mtumiaji mmoja tu. Nenosiri lililo ndani ya skripti husafiri na kila nakala ya skripti hiyo, na likiwekwa kwenye mstari wa amri, mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo anaweza kuliona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa.

Ila ufunguo usio na nenosiri nao ukiibwa ni balaa, kwa hiyo ubane: mpe mtumiaji wake SFTP pekee kwa `ForceCommand internal-sftp`, umfungie kwenye folda moja kwa `ChrootDirectory`, na kwa `from=` uruhusu anwani ya ofisi yako tu.

Kuna pia ushauri unaozunguka sana wa kuweka `StrictHostKeyChecking=no` ili skripti isikwame kuuliza kama seva inajulikana. Ukweli ni kwamba hapo umeiondolea SSH uwezo wa kukulinda na seva bandia. Hifadhi utambulisho wa seva mapema kwenye known_hosts, faili ambamo SSH huweka seva inazozijua. Siku utambulisho huo ukibadilika, simamisha kazi, thibitisha na mwenye seva. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, walibadilisha ufunguo wao wa RSA Machi 2023 baada ya ule wa siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi. Skripti nyingi zilikwama siku hiyo, na zilikuwa sahihi kukwama.

"Nimeijaribu mwenyewe mchana, usiku itakwenda."

Mchana unaiendesha wewe, na mazingira yako yote yapo. Usiku inaendeshwa na cron, programu ya Linux ya kuanzisha kazi kwa ratiba, inayotafuta programu kwenye folda chache tu na isiyoujua ufunguo wa SSH ulioufungua kwa nenosiri asubuhi. Andika njia kamili za programu na mafaili. Angalia pia saa: seva nyingi za kukodi huja kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo `0 2 * * *` (saa 2:00 kila siku kwenye ratiba ya cron) si saa nane usiku ya Nairobi wala Dar es Salaam, bali ni saa kumi na moja alfajiri. Na kama kazi ya jana bado inatuma, flock, amri inayofunga kazi isiendeshwe mara mbili kwa pamoja, itaizuia ya leo isiirukie.

"Tuna rsync yenye --delete, kwa hiyo tuna bakapu."

Mna kioo. Mtu akifuta folda saa tisa alasiri, usiku kioo nacho kitaifuta, na mafaili yakiharibiwa na kirusi cha kudai fedha, yaliyoharibika ndiyo yatakayofunika mazima. Tumia `--link-dest` ili kila siku iwe na folda yake: faili ambalo halikubadilika halichukui nafasi mara ya pili. Kisha angalau mara moja kwa mwezi, vuta nakala ya jana kutoka seva ya mbali, irejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, na uhesabu kama mauzo ya jana yamo yote.