Saa 72 haziisubiri aibu

Kijana mmoja alikaa mbele yangu karibu nusu saa akilalamika kichwa kinamuuma. Nilipoweka kalamu chini ndipo aliponong'ona: "Nilikutana na mtu, mpira ukapasuka." Lini? Siku tano zilizopita. Usiku uleule alijua yuko hatarini, ila kwao neno ngono halitajwi mbele ya wakubwa, labda kwa kukaripiwa.

Siku tano ni nyingi mno. Dawa za dharura za kuzuia maambukizi ya VVU, virusi vya UKIMWI, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na anayewahi ndiye anayezifaidi zaidi. Humezwa kwa siku 28. Kilichobaki kwa kijana yule kilikuwa kupima, kupewa tarehe ya kurudi kupima tena, na kuzungumzia PrEP, dawa kinga inayotumika kabla ya hatari. Mwiko ulimwachia afanye ngono, ukamnyima mtu wa kumuuliza.

Mafumbo yetu nayo yanachangia. Tunasema "amekanyaga waya", "ana ngoma", na kila mtu anatikisa kichwa. Lakini aliyelelewa kwa fumbo tu hajui kwamba VVU hupita kwenye shahawa, majimaji ya ukeni, damu na maziwa ya mama, wala hajui kwamba havipiti kwa kukumbatiana au kula sahani moja. Nimesikia hata sisi watoa elimu tukiruka ngono ya njia ya haja kubwa kwa kuona haya, ilhali katika njia za kujamiiana hiyo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya maambukizi. Hilo linaniuma kuliko ukimya wa wazazi, maana sisi ndio kazi yetu.

Ndani ya ndoa aibu huvaa sura nyingine. Mke akitaja kondomu, huulizwa anamshuku nani, au amefanya nini. Kwa hiyo hanyanyui mdomo, na hata habari njema haimfikii: mwenye VVU anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Mzazi, mwanao akikujia na maneno ya kuzungukazunguka, mwache amalize. Kisha uliza "lini?" Kama bado saa 72 hazijatimia, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. "Na nani?" mtaizungumza mkirudi.