Baba ana saratani ya damu, kapewa vidonge tu

Swali: Daktari, baba yetu hapa Ngamiani bandama lilivimba, tukadhani malaria. Vipimo vikasema saratani sugu ya damu, aina ya mieloidi. Hakulazwa, kapewa vidonge vya imatinibu. Vinatosha kweli?

Jibu: Kwa aina hii, mara nyingi vinatosha. (Malaria siwalaumu, Tanga nani asingeidhania?) Ndani ya uboho wa mzee, kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe) ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Kromosomu fupi inayobaki iligunduliwa mwaka 1960 huko Philadelphia, Marekani, ikapewa jina la mji huo. Vipande vilipoungana hutengenezwa protini, BCR-ABL, inayoziamuru chembe nyeupe zizaliane bila kukoma. Dawa za saratani zilizozoeleka hushambulia kila chembe inayozaliana haraka, ndiyo maana nywele hunyonyoka. Imatinibu huiendea protini hiyo na kuizima. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Kabla ya hapo wengi waliishi miaka michache tu. Leo dawa ikimkubali mtu, anaweza kuzeeka na wenzake.

Swali: Anaimezaje? Na Ramadhani?

Jibu: Kawaida ni miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Kwa hiyo wakati wa futari unafaa, ila amwambie daktari wake kabla mwezi haujaandama. Balungi aache, huzidisha dawa mwilini. Machungwa matamu ya Muheza hayana neno. Mitishamba asichanganye kimyakimya.

Swali: Bandama limenywea, anakwenda Mgandini kwa miguu. Anasema kapona, anataka kuacha.

Jibu: Asiache! Hesabu ya damu inaweza kuwa nzuri huku BCR-ABL ingalimo. Huonekana kwa kipimo cha PCR, yaani kipimo cha vinasaba kinachonasa hata mabaki madogo, ambacho mwanzoni hufanywa kila miezi mitatu. Akirukaruka dozi, chembe zilizobaki hupata mwanya, na nyingine hubadilika hata dawa isizishike tena. Hapo huhamishiwa dawa nyingine, kama dasatinibu au nilotinibu, yenye masharti yake. Wapo wanaoachishwa, lakini baada ya miaka ya vipimo vizuri, na daktari ndiye huamua.

Swali: Kope zinavimba asubuhi na ngozi imepauka.

Jibu: Ni dawa hiyo. Misuli nayo hukaza. Kupauka huonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo majirani wasimsingizie mkorogo. Ila akihema kwa shida au uzito ukipanda ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.