Fuwele za kushoto, fuwele za kulia na baridi ya Mbeya

Vua ndala zako uziweke mezani. Kipimo kimoja, kanda zilezile, ila ya kushoto haikai mguu wa kulia hata uigeuze vipi. Molekuli nyingi za viumbe hai ziko hivyo: zina mkono, nasi wakemia huziita kairali. Ukwaju unaonunua sokoni Mwanjelwa, uchachu wake unatokana na asidi ya tartariki, na yote ni ya mkono mmoja. Ile ya maabara iliyochanganya mikono yote miwili, nusu kwa nusu, ndiyo inayonipa kazi kila Julai.

Tunaitia soda na amonia iwe chumvi, tunafunika bakuli kwa karatasi ya chujio na kuliacha dirishani maji yapungue polepole. Baada ya siku kadhaa fuwele, punje angavu zenye nyuso bapa, zimekua. Zitazame kwa kioo cha kukuzia: pembeni kuna kijisura kidogo kilichokatwa mshazari, kwenye baadhi kimeelekea kulia, kwenye nyingine kushoto. Hapo unashika kibano. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliinama kwa muda wa saa tatu, akaambulia vichuguu viwili visivyojaza kijiko cha chai, na shingo imekakamaa. Tuliviyeyusha mbalimbali, tukapitisha mwanga uliochujwa ukabaki kutetema kwa mwelekeo mmoja. Kimoja kiliupindisha kulia, kingine kushoto.

Mkemia Mfaransa Louis Pasteur alifanya hivyo mwaka 1848, akiwa na miaka 25. Mwanafizikia mzee Jean-Baptiste Biot hakusadiki mpaka kazi iliporudiwa mbele yake. Ila wengi husahau hali ya hewa. Chumvi hii hutengana mikono chini ya nyuzi 27 hivi. Ikizidi hapo, mikono miwili huingia fuwele moja, na kibano hakina la kufanya. Nilipokuwa Dar es Salaam nilijaribu mara mbili, Februari, nikaishia kulaumu kemikali. Hapa Mbeya, chini ya mlima Loleza, sihitaji hata friji.

Bahati yenyewe si ya kawaida: katika michanganyiko 100 ya namna hii, ni 5 hadi 10 tu inayojitenga. Mingine hukumbatiana, na kukumbatiana huko hubadili tabia. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, ikiwa ya mikono miwili huyeyuka kwenye nyuzi 76 hivi. Ya mkono mmoja, karibu 52.

Mwaka 2005 Cristóbal Viedma wa Madrid alionyesha njia isiyohitaji kibano. Alikoroga fuwele za kloreti ya sodiamu, za mikono yote, pamoja na shanga za kioo. Fuwele zikawa zinasagika na kukua tena, mpaka ukabaki mkono mmoja tu. Mwaka 2008 njia hiyo ilifanya kazi kwa kitu cha kikaboni, kilichotokana na asidi ya amino. Sharti lake ni kwamba molekuli ziweze kubadili mkono zikiwa ndani ya kimiminika.

“Mwalimu, hii inatusaidia nini?” Swali hilo huja kila mwaka, nami hutoa kidonge cha kichocho. Prazikwanteli miligramu 600: nusu yake huua minyoo, nusu ya pili kazi yake kubwa ni kuongeza uchungu mdomoni. Mwaka 2011 kundi la Matthew Todd, Sydney, likiweka matokeo yake wazi mtandaoni, lilipata njia nafuu ya kutenganisha mikono hiyo kwa fuwele. Walichotumia kuitenganisha ni jamaa wa karibu wa asidi ya ukwaju.