Fruit de la passion: mateso gani yamo ndani ya marakuja?

Kwenye arusi moja hapa Bukavu walituletea jus ya marakuja, na dada aliyekuwa akitumikia akatuambia: «Kunyweni, hii ni tunda la mapenzi.» Meza nzima ikafurahi. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu kwa Kifaransa tunaita fruit de la passion, na passion shuleni tulifundishwa kuwa ni mapenzi makali. Kumbe jina hilo limetoka kwenye Ijumaa Kuu.

Kwa Kilatini, passio ni mateso. Ndiyo maana somo lile refu la Ijumaa Kuu, tunalolisikiliza tumesimama, Wafaransa wanaliita la Passion na sisi tunasema Mateso ya Bwana. Kiswahili hapa kinatusaidia sana: mateso ni mateso, mapenzi ni mapenzi. Kifaransa kimeyaweka yote mawili chini ya neno moja, na tunda likabeba maana ambayo haikuwa yake.

Mateso yenyewe usiyatafute kwenye tunda. Yako kwenye ua. Kama una marakuja inayopanda kwenye uzio wako, ile ya zambarau inayopenda baridi ya milima yetu, amka mapema ukaitazame, maana ua lake hufunguka asubuhi na kufikia mchana limeanza kujifunga. Wamisionari Wakatoliki walioona maua ya jamii hii Amerika waliyasoma kama katekisimu. Nyuzi zilizojipanga duara ni taji la miiba. Vichwa vitatu vilivyo juu kabisa ni misumari mitatu. Vile vitano vyenye unga vilivyo chini yake ni madonda matano. Vikonyo vinavyojisokota kushika mti ni mijeledi. Ukihesabu petali pamoja na majani ya nje yanayofanana nazo unapata kumi, na hao ni mitume, bila Yuda aliyemsaliti Bwana na Petro aliyemkana. (Kumwondoa Petro naona ni ukali kidogo, kwa sababu yeye alilia na akarudi.) Mwanzoni mwa karne ya 17 habari za ua hilo zilikuwa zimefika Roma, na mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akaiandika jamii nzima kwa jina Passiflora: ua la mateso.

Sasa peleka ua hilo hilo Uhindi. Huko wapo wanaoliita kwa jina la Krishna, mmoja wa miungu ya Wahindu, na wanaona humo vita kuu ya Mahabharata, utenzi wao wa kale: nyuzi nyingi za pembeni ni ndugu mia moja wa Kaurava, vile vitano vya katikati ni ndugu watano wa Pandava waliozungukwa nao, na Krishna yuko kati. Mjapani hahesabu madonda wala askari. Yeye ameona sahani ya saa na mishale yake, kwa hiyo kwake ni mmea wa saa. Hesabu ni zile zile, tatu na tano, ila kila mmoja amekuja na habari aliyokuwa nayo moyoni.

Majirani zetu wa Tanzania husema pasheni, au karakara. Sisi wa Kivu tumeshika marakuja, na hilo ndilo jina la zamani kuliko yote niliyotaja. Ni la Watupi, wenyeji wa Brazil, waliokula tunda hili kabla padri yeyote hajafika. Wareno walichukua jina hilo kwao. Kwa kawaida hufasiriwa hivi: chakula kilicho ndani ya kibuyu. Hakuna mateso humo, hakuna mapenzi, hakuna vita. Ni mtu amekata marakuja katikati, ameshika nusu mkononi kama kikombe, na anakula kilichomo, kama watoto wetu wanavyofanya na kijiko wakitoka sokoni Kadutu.