Siku ya bamvua katika Ghuba ya Chole

Wageni wanaokuja Mafia kutazama ndege wahamao huniuliza waamke saa ngapi, nami huwauliza kwanza mwezi una siku ngapi. Katika Ghuba ya Chole, maji ndiyo yanayopanga shughuli za siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na tofauti ya kina huweza kupita mita 3. Nyanda za mchanga na matope zinapobaki wazi, ndege hutawanyika mbali mno, kiasi kwamba hata kwa darubini ni kazi kuwatambua. Ndiyo maana mimi huingia mapema, maji yakiwa bado yanapwa na ndege wakiyafuata kando kando.

Mwezi wa Novemba huwa na mengi. Utawaona vitwitwi wenye midomo iliyopinda, waliozaliana katika Aktiki ya Siberia, na sululu wakichomoa kaa mashimoni. Lakini anayenishangaza zaidi ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, anayezaliana kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu. Jike hutaga yai moja tu ndani ya shimo refu walilolichimba wenyewe, ambamo joto la mchanga uliopigwa na jua husaidia kuliatamia. Kinda huja huku pamoja na wazazi, na bado hulishwa. Mtazame kinda wa kijivu akimfuata mkubwa huku akipiga mluzi. Mkubwa hukimbia, husimama ghafla, hudaka kaa, humpukutisha miguu, kisha humwachia mwanawe. Kwa ndege wa aina hii, kumpoteza kinda mmoja ni kupoteza uzazi wa mwaka mzima.

Maji yakishatosha kuelea chombo, huvuka kwenda kisiwa cha Chole kutazama popo wakubwa walao matunda, aina inayopatikana visiwa vya Komoro na Mafia tu. Papa potwe, wanaoonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, wanastahili siku yao wenyewe.

Kufikia saa tisa alasiri niwe nimerudi kwenye mafungu ya mchanga, kwa kuwa maji yanayojaa huwasukuma ndege wote mahali pamoja. Hapa ndipo tunapowadhuru zaidi, licha ya eneo hili kuwa hifadhi ya bahari tangu 1995. Wapo wapiga picha wanaotaka kundi liruke, na manahodha wanaowaridhisha kwa kulisogelea, ilhali kila mruko huunguza mafuta ambayo ndege anayahitaji kwa safari ya kurudi, na wakati huo hana pa kula mpaka maji yapwe tena. Dalili za kuangalia ni hizi: waliolala kwa mguu mmoja wakiinua vichwa na kuanza kutembea upande mmoja, umeshakaribia kupita kiasi, nao wataruka muda wowote usiporudi nyuma.