Kala-azar haienezwi na mbu

Kuna ujumbe wa miaka mingi kwenye makundi ya WhatsApp: mwaga maji yaliyotuama na kala-azar (ugonjwa wa homa ya muda mrefu na wengu kuvimba) itaisha, kwani huletwa na mbu. Si kweli. (Kuyamwaga kuna faida, ila dhidi ya malaria.) Mwenezaji ni usubi wa mchanga, mdudu wa milimita 3 hivi, asiyevuma. Hazaliani majini; kule Baringo na Turkana hujificha vichuguuni. Mtazame akitua: mabawa husimama kama herufi V, ya mbu hulala mgongoni. Kuchanganya magonjwa haya mawili kunaeleweka, maana malaria nayo huleta homa na kuvimbisha wengu. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Homa ikizidi wiki 2, nenda ukapimwe damu.